Mkataba wa Kutengeneza Tovuti: Andikianeni Kabla Kazi Haijaanza

Mteja mmoja aliniomba tovuti ya kurasa tano. Tulielewana kwa simu, bei ikatajwa, nusu ikatumwa, nami nikaanza kazi jioni ileile. Wiki ya tatu ukaingia ujumbe wa WhatsApp: "Naomba uongeze na sehemu ndogo ya wanachama kuingia." Nikajibu, "Sawa." Neno hilo moja lilinila miezi miwili. Sehemu ndogo ya wanachama ilitaka usajili, nywila, barua pepe za kuthibitisha, ukurasa wa msimamizi na ripoti ya waliolipa ada. Nilipomaliza na kupeleka ankara ya nusu iliyobaki pamoja na nyongeza, nikajibiwa kwamba yote hayo yalikuwa ndani ya bei ya mwanzo, na kwamba hata ile nusu itasubiri "mpaka tovuti ikamilike". Wakati huo tovuti ilikuwa hewani, wanachama wanaingia na kutoka.

Nilikwenda kwa wakili. Aliniuliza swali moja: "Mliandikiana nini?" Nikamwonyesha simu. Alizisoma zile meseji zote kwa subira, kisha akaniambia kwamba hakuna mahali popote palipoandikwa kukamilika maana yake nini. Ile nusu sikuipata.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tunaofanya kazi hii bila mwajiri tunauchukulia mkataba kama silaha ya mahakamani, ndiyo maana tunaona haya kuutoa mbele ya mteja mwema. Lakini mkataba hufanya kazi yake kubwa kabla ya ugomvi, pale unapowalazimisha watu wawili kutamka yale ambayo kila mmoja alikuwa akiyadhania moyoni. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazozifuata mimi, kwa mpangilio ninaouandikia. Sheria za nchi hutofautiana, kwa hiyo ukishakuwa na rasimu yako, mlipe wakili wa kwenu aipitie mara moja. Utaitumia kwa miaka.

Hatua ya 1: Jua unaandikiana na nani

Andika jina kamili la mteja kama lilivyosajiliwa, siyo jina la kwenye bango lake. Kama ni kampuni, muulize anayetia sahihi ana cheo gani na kama anaruhusiwa kuifunga kampuni kwa sahihi yake. Wewe nawe andika jina lako, au la biashara yako kama umeisajili.

Kisha taja mtu mmoja, kwa jina, mwenye mamlaka ya kuidhinisha kazi. Mmoja tu. Bila hivyo mwenyekiti atasema rangi ni nzuri, mhazini ataitaka ibadilishwe, na mtoto wa mwenyekiti atakuja na maoni yake wiki ya mwisho. Mkataba useme kwamba neno la huyo aliyetajwa ndilo neno la mteja.

Hatua ya 2: Eleza kazi mpaka isibaki nafasi ya kudhania

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kama una saa mbili za kuandika mkataba, saa moja na nusu ziishie hapa, kwa sababu ugomvi mwingi wa malipo, ukiufuatilia hadi kwenye mzizi, ni ugomvi wa nini kilikuwemo na nini hakikuwemo.

Chukua maneno haya ambayo yamo katika makubaliano mengi: "Tovuti ya kurasa tano pamoja na fomu ya mawasiliano." Yanaonekana wazi. Sasa jiulize. Ujumbe ukishaandikwa kwenye fomu unakwenda wapi? Kwa anwani moja au kwa idara tatu tofauti? Unabaki kwenye hifadhidata au unatumwa tu? Anayeandika anapata jibu papo hapo? Anaweza kuambatisha faili? Nani analipia huduma ya kutuma barua pepe? Kila swali hapo ni kati ya dakika kumi na siku mbili za kazi. Mimi sasa huandika hivi:

"Fomu ya mawasiliano itakuwa na sehemu nne: jina, barua pepe, simu na ujumbe. Kila ujumbe utatumwa kwenye anwani moja ya barua pepe itakayotolewa na Mteja. Ujumbe hautahifadhiwa kwenye tovuti. Kinga dhidi ya ujumbe taka imo. Kuambatisha faili, majibu ya papo hapo na kuunganisha fomu na mfumo mwingine havimo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda kuliko zote. Kila kazi iwe na orodha ya visivyokuwemo, na usione aibu kuifanya ndefu: kuandika maandishi ya kurasa, kupiga au kununua picha, kutafsiri, kuingiza bidhaa moja moja dukani, kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani, kufundisha wafanyakazi, kuitunza tovuti baada ya kukabidhi. Mteja akiisoma na kusema, "Lakini mimi nilidhani picha zimo," umeshinda. Mmegundua tofauti yenu siku ambayo kuirekebisha hakumgharimu mtu chochote.

Maelezo haya yaweke kwenye kiambatisho, ukiite Kiambatisho A, ili mkataba wenyewe ubaki uleule kwa kila mteja na kinachobadilika kiwe kiambatisho tu. Humo taja pia vivinjari utakavyovijaribu, kwa mfano matoleo mawili ya karibuni ya Chrome, Firefox, Safari na Edge. Kama mteja anataka tovuti itumike na watu wenye ulemavu kwa kiwango fulani, kitaje kiwango chenyewe, mathalani WCAG 2.2 (mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu) daraja la AA, maana neno "rafiki kwa wote" halipimiki.

Na marekebisho ya muundo yawe na idadi. Raundi mbili zinatosha kazi nyingi. Lakini eleza raundi ni nini: maoni yote ya mteja yaliyokusanywa na kutumwa kwa pamoja katika andiko moja. Usipoeleza, meseji kumi na saba zilizotumwa usiku mmoja zitaitwa raundi moja, na ya kumi na nane ya kesho yake nayo itaambiwa imo humohumo.

Hatua ya 3: Funga mlango wa "ongeza kidogo"

Kazi itabadilika. Mteja akishaiona tovuti yake kwa macho ndipo anapojua anachokitaka, na hilo si kosa lake. Mkataba hauzuii mabadiliko, unayawekea njia ya kupita:

"Kazi yoyote isiyotajwa katika Kiambatisho A ni nyongeza. Mtengenezaji ataandika maelezo ya nyongeza, bei yake na siku itakazoongeza kwenye ratiba. Nyongeza haitaanza kufanywa kabla Mteja hajaikubali kwa maandishi. Barua pepe inatosha."

Kifungu hiki kinategemea mazoea yako kuliko maneno yake. Ukifanya nyongeza tatu kimyakimya kwa sababu mteja ni mtu mzuri, ya nne ukiitoza atakuuliza kwa nini zile tatu zilikuwa bure, na mbele ya hakimu mwenendo wenu unaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo makubaliano yenu halisi. Kwa hiyo ujumbe wa "naomba uongeze" ukiingia, jibu langu siku hizi ni hili: "Inawezekana. Nakuandalia bei na siku, kesho asubuhi utazipata kwenye barua pepe." Jibu lina adabu na halijakubali kitu. Na kama kweli unataka kumpa zawadi, mpe, ila iandike: kwenye ankara weka jina la kazi, bei yake ya kawaida, na punguzo la bei yote. Ataona thamani aliyopewa, na hutakuwa umefungua mlango.

Hatua ya 4: Panga malipo yatangulie kazi kwa hatua moja

Usianze bila malipo ya awali. Sheria yangu ni kwamba tarehe ya kuanza kazi ni siku fedha zilipoingia, wala si siku mkataba ulipotiwa sahihi, na hilo limo katika mkataba wenyewe. Kisha gawa kilichobaki kwenye awamu. Mgawanyo ninaoutumia kwa tovuti ya kawaida ni asilimia 40 kabla ya kuanza, asilimia 30 muundo ukikabidhiwa, na asilimia 30 kabla tovuti haijahamishwa kutoka seva yangu ya majaribio, yaani kompyuta ya mtandaoni ninakoijaribia, kwenda seva ya mteja.

Itazame hiyo awamu ya mwisho. Malipo yangu ya zamani yalifungwa kwenye neno "ikikamilika", na kukamilika kulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Funga kila malipo kwenye tukio linaloonekana na ambalo wewe unaweza kulifikia bila kusubiri hisani ya mtu: umekabidhi muundo, umeweka tovuti kamili kwenye seva ya majaribio. Usikubali "ikipendeza", "wadau wakiridhika", au "sisi tukilipwa na mteja wetu". Hiyo ya mwisho hutoka sana kwa mashirika yanayokupa kazi ya mkono wa pili, nayo inakubebesha hatari ya biashara ambayo huna hata namba ya simu ya mhusika wake.

Ankara iwe na muda wake wa kulipwa, siku 7 au 14, unaohesabiwa tangu tarehe ya ankara. Weka na riba ya ucheleweshaji. Watu huogopa kifungu hiki wakidhani kitamkasirisha mteja, kumbe nchi nyingi zimekwisha kukiweka kwenye sheria. Uingereza ina sheria ya mwaka 1998 inayomruhusu mfanyabiashara kutoza deni lililochelewa riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha msingi cha benki kuu. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011, uliweka siku 60 kuwa ukomo wa kawaida wa malipo kati ya kampuni na kampuni, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine waziwazi na kwa haki. Jiji la New York lilikwenda mbali zaidi: tangu Mei 2017, anayempa mtu wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi analazimika kuandikiana naye mkataba, na kama mkataba haukutaja tarehe ya malipo, lazima alipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kumalizika. Angalia kwenu kuna nini, kisha kitaje kwenye mkataba.

Mambo mawili madogo ambayo huumiza usipoyaandika. Kwanza, gharama za kutuma fedha: nani anazibeba? Andika kwamba kiasi kilichotajwa ndicho kitakachofika kwako. Pili, kama mteja yuko nchi nyingine, taja sarafu, na mkubaliane mapema kama kuna kodi ya zuio (ile anayoikata mlipaji kabla ya kukutumia fedha) itakayokatwa na nani atakupa cheti chake.

Hatua ya 5: Weka tarehe zenu wote wawili

Ratiba nyingi humfunga mtengenezaji peke yake. Ifanye ifunge pande zote mbili. Wewe una siku za kukabidhi, na mteja ana siku za kuleta maandishi, picha, nembo na maoni. Andika kwamba kila siku anayochelewa inasogeza tarehe yako ya kukabidhi, na kwamba akikaa siku 30 bila kujibu mradi utahesabiwa umesimama, kazi iliyofanyika italipwa, na kuufufua kutategemea nafasi uliyo nayo wakati huo.

Halafu kifungu cha kukubali kwa ukimya: baada ya kukabidhiwa awamu, mteja ana siku 7 za kazi kutoa orodha ya kasoro kwa maandishi, na siku hizo zikipita bila neno, awamu imekubaliwa. Kinasikika kigumu. Ninachofanya ni kumtumia barua pepe ya kumkumbusha siku ya tano, na mpaka leo hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 6: Hakimiliki ihame siku malipo yalipotimia

Hiki ndicho kifungu chenye nguvu kuliko vyote kwa mtu wa kazi yetu, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa sahihi mwaka 1886 na ambao nchi nyingi za dunia ni wanachama, kazi ya ubunifu inalindwa tangu ilipotungwa, bila sharti la kusajili. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, ukaongeza kwamba programu za kompyuta zinalindwa kama kazi za maandishi. Kwa kawaida, basi, msimbo (maandishi ya programu) ulioandika ni wako mpaka uutoe kwa maandishi, hasa kama wewe si mwajiriwa wa mteja.

Marekani kesi maarufu ya jambo hili ilihusu sanamu. Shirika la Community for Creative Non-Violence lilimpa mchongaji James Earl Reid kazi ya kutengeneza sanamu ya familia isiyo na makazi. Wazo lilikuwa la shirika, gharama zililipwa na shirika, lakini hawakuwahi kuzungumzia hakimiliki hata siku moja. Walipogombana, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1989 majaji wakaamua kwamba Reid alikuwa mtu wa kujitegemea, si mwajiriwa, na kwa hiyo shirika halikuwa limepata hakimiliki kwa kule kumwagiza tu. Miaka ya kesi, kwa jambo ambalo sentensi mbili zingelimaliza.

Sentensi zangu ni hizi:

"Hakimiliki ya kazi mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi huu itahamia kwa Mteja siku malipo yote yatakapokuwa yamepokelewa. Kabla ya siku hiyo, Mteja ana ruhusa ya kuiangalia na kuijaribu kazi kwenye seva ya majaribio tu."

Maneno "kazi mpya" yamewekwa kwa makusudi. Ndani ya tovuti moja kuna mafungu matatu ya msimbo, na lazima uyatenganishe. Lipo ulilomtengenezea mteja huyu: hilo atalimiliki. Lipo ulilokuwa nalo kabla yake, vipande unavyovitumia katika kila mradi: hilo linabaki lako, naye anapewa leseni ya kulitumia ndani ya tovuti yake milele bila malipo zaidi. Ukilisahau hili utajikuta umeuza zana zako za kazi kwa mteja wa kwanza na huna haki ya kuzitumia kwa wa pili. Na lipo la watu wengine: WordPress, programu ya kujengea tovuti, ambayo iko chini ya leseni huria ya GPL, maktaba (vifurushi vya msimbo uliokwisha kuandikwa) zenye leseni huria ya MIT, fonti, plagini (programu ndogo za nyongeza) za kulipia. Hayo huwezi kuyahamisha kwa sababu si yako. Andika kwamba yanafuata leseni zake, na orodhesha ya kulipia pamoja na nani atayalipia kila mwaka.

Kama unataka kuionyesha kazi hiyo kwenye orodha ya kazi zako, liombe hilo hapahapa.

Nina neno kuhusu jambo ambalo nasikia vijana wakishauriana: kuficha ndani ya tovuti kipande cha msimbo cha kuizima mteja asipolipa, au kuingia kwenye seva yake usiku na kufuta. Usifanye. Nchi nyingi zina sheria za makosa ya kompyuta, Uingereza tangu mwaka 1990, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni jinai hata kama anadaiwa. Utakuwa umemgeuza mdaiwa wako kuwa mlalamikaji. Ulinzi halali ni kutokuiachia: tovuti ikae kwenye seva yako ya majaribio mpaka awamu ya mwisho iingie.

Hatua ya 7: Domeini na seva ziwe kwa jina la mteja

Fungua akaunti za domeini, yaani anwani ya tovuti, na za seva kwa jina la mteja, kwa barua pepe yake, zilipiwe kwa kadi yake. Wewe upewe ruhusa ya kuingia kwa muda wa mradi. Baadhi hupenda kuishika domeini ya mteja ili iwe dhamana, nami nadhani wanakosea: domeini ikiisha muda nawe hukukumbuka kuilipia, hasara ya biashara yake yote itakuangukia wewe.

Hatua ya 8: Sema unachokidhamini, na mwisho wake

Ahidi kurekebisha bure hitilafu zitakazoonekana ndani ya siku 30 tangu kukabidhi. Hitilafu ni kitu kisichofanya kazi kama Kiambatisho A kilivyosema. Kitufe kinachofanya kazi ila rangi yake haipendwi tena si hitilafu. Baada ya siku hizo matunzo yana mkataba wake na bei yake.

Usidhamini visivyo mikononi mwako: nafasi kwenye matokeo ya Google, idadi ya wateja watakaopatikana, wala usalama wa kila programu iliyomo milele. Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika Log4j, maktaba ndogo ya kuandika kumbukumbu za mfumo ambayo ilikuwa imetumika ndani ya mifumo isiyohesabika duniani. Walioitumia hawakuwa wazembe, ilikuwa zana ya kawaida. Mkataba useme kwamba udhaifu utakaogunduliwa baadaye katika programu za watu wengine utashughulikiwa chini ya matunzo.

Kisha weka ukomo wa dhima: hasara yoyote utakayodaiwa isizidi kiasi ulicholipwa kwa mradi huo. Hapa mwombe wakili akuangalizie maneno kwa makini, kwa kuwa kila nchi ina mipaka yake juu ya dhima inayoweza kupunguzwa. Na mteja athibitishe kwamba maandishi na picha anazokuletea ana haki nazo, na kwamba mwenye picha akijitokeza kudai, mteja ndiye atakayejibu na kulipa.

Kama tovuti itakusanya taarifa za watu na wewe utaweza kuzifikia, kuna makubaliano ya ziada. Katika Umoja wa Ulaya sheria ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka katika kifungu chake cha 28 kuwe na mkataba wa maandishi kati ya mwenye data na anayezichakata kwa niaba yake. Nchi nyingi nyingine nazo zimetunga sheria za aina hiyo.

Hatua ya 9: Andika namna ya kuachana

Kila upande uweze kusitisha kwa taarifa ya maandishi ya siku 14. Mteja akisitisha, analipa kazi iliyokwisha kufanyika, na malipo ya awali hayarudi. Wewe ukisitisha, unakabidhi kilicholipiwa na kurudisha fedha ya kazi ambayo hukuifanya. Uwe pia na haki ya kusimamisha kazi ankara ikipitisha siku kadhaa, bila kuhesabiwa umevunja mkataba.

Hatua ya 10: Sheria ya wapi, na ugomvi uamuliwe wapi

Kwa mteja wa nchi moja nawe, sentensi moja inatosha. Kwa wa nchi nyingine, fikiria kidogo. Hukumu ya mahakama ya kwenu inaweza isitekelezeke kwao, ilhali uamuzi wa wasuluhishi unatambuliwa na nchi nyingi chini ya Mkataba wa New York wa mwaka 1958. Lakini usuluhishi wa kimataifa una gharama, na kwa tovuti ndogo gharama hiyo inaweza kuizidi kazi yenyewe. Kwa wateja wa mbali mimi naongeza asilimia ya malipo ya awali na kuzifanya awamu ziwe fupi. Nikipoteza, nimepoteza kazi ya wiki moja.

Hatua ya 11: Kutia sahihi, na mteja anayesitasita

Karatasi si lazima. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 zote zinasema sahihi haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki, na nchi nyingi zina sheria zinazofanana na hizo. Tumia huduma ya sahihi za mtandaoni, au tuma faili ya PDF asaini na kurudisha. Kila upande ubaki na nakala yenye sahihi zote mbili.

Utakutana na anayesema, "Sisi tunaaminiana, makaratasi ya nini?" Usibishane naye juu ya uaminifu. Mwambie kwamba umeandika ili asije akadaiwa kitu ambacho hakukubali, kisha msomee Kiambatisho A, maana hicho kinamhusu yeye na atataka kukirekebisha. Akishaanza kurekebisha, mmeanza kuandikiana. Asipotaka kabisa, mtumie angalau barua pepe moja yenye kazi, visivyokuwemo, bei, tarehe na hakimiliki, na umwombe ajibu "Nimekubali". Asiyeweza kuandika hata neno hilo, mimi siichukui kazi yake.

Akikuletea mkataba wake yeye, usome wote, na utafute mambo haya kwanza: marekebisho yasiyo na idadi, dhima isiyo na ukomo, haki zote kuwa zake tangu siku ya kwanza hata kabla ya kulipa, na katazo la kuwafanyia kazi washindani wake. Kila moja linaweza kujadiliwa. Futa, andika unalolitaka, rudisha.

Hatua ya 12: Makabidhiano

Awamu ya mwisho ikishaingia, peleka barua pepe ya makabidhiano: tarehe ya leo, msimbo uko wapi, nakala rudufu iko wapi, akaunti zote na mwenye kila moja, leseni za kulipia na tarehe zake za kuisha, siku 30 za marekebisho zinaishia lini, na sentensi inayosema hakimiliki ya kazi mpya imehamia kwake. Mwombe abadilishe nywila zote siku hiyohiyo na akujibu kwamba amezibadilisha. Jibu lake liweke kwenye folda moja na mkataba.